Silaha za Ajabu Zilizoachwa Kutengenezwa, na Zile Ninazozibuni Karatasini

Ninapochagua silaha ya kuiongeza katika mkusanyo wangu, sivutiwi na ile iliyotumika sana, bali na ile ambayo mbunifu wake alitaka ifanye kazi mbili kwa wakati mmoja na ambayo baadaye iliachwa kutengenezwa. Katika silaha za namna hiyo mtu huona waziwazi mahali ambapo mahitaji mawili yaligongana.

Mfano bora ninaoujua ni bastola ya Elgin. George Elgin aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1837, na jeshi la majini likanunua bastola 150 kwa ajili ya msafara wa uchunguzi ulioongozwa na Charles Wilkes katika bahari za kusini kati ya mwaka 1838 na 1842. Ni bastola ya fataki, yaani kidonge cha mlipuko kinachogongwa ili kuwasha baruti, yenye risasi moja tu, na chini ya mtutu wake limefungwa jisu pana lenye urefu wa sentimita 28 hivi. Wazo lenyewe lilikuwa na mantiki, kwa kuwa baharia aliyekwisha kufyatua risasi yake hakuwa na muda wa kushindilia nyingine, hivyo alihitaji chuma mkononi papo hapo. Hata hivyo, uzito wa jisu huuvuta mtutu chini mtu anapolenga, na anapotaka kukata, mpini uliopinda kwa ajili ya kufyatulia haumpi nguvu ya kutosha.

Bastola iitwayo Apache, iliyobuniwa na Louis Dolne wa Liège nchini Ubelgiji katika karne ya 19, ilikwenda mbali zaidi: mpini wake ni chuma cha kuvalia vidoleni kwa ajili ya ngumi, na ina kisu kinachokunjwa. Haina mtutu kabisa, kwa hiyo risasi hutoka moja kwa moja kwenye silinda, yaani sehemu inayozunguka na kushika risasi, na shabaha yake haitegemeki ila kwa karibu mno.

Bastola ya Gyrojet ya miaka ya 1960 ni ya namna nyingine, na ninaipenda kuliko zote. Ilirusha roketi ndogo za milimita 13 ambazo hazikuhitaji mtutu mzito, kwa sababu msukumo wake uliendelea hata baada ya roketi kutoka; lakini kwa sababu hiyo hiyo roketi ilitoka polepole na kuwa dhaifu zaidi kwa adui aliye karibu, yaani pale pale bastola inapohitajika. Leo roketi zake ni adimu kiasi kwamba wakusanyaji wengi hawathubutu kuzifyatua.

Mambo hayo ndiyo yanayoongoza michoro yangu, ambayo huishia karatasini au kwenye sanamu za mbao zisizofyatua chochote, na nadhani hivyo ndivyo inavyofaa, kwa kuwa sheria za nchi nyingi huzibana vikali silaha zilizofichwa ndani ya vitu vingine. Kwa sasa ninaichora upya bastola ya Elgin. Uzito nimeurudisha nyuma kwa kuweka tufe la shaba mwishoni mwa mpini, na mizani yake imekuwa nzuri. Tatizo lililobaki ni pembe ya mpini, kwani bastola inataka mpini uliopinda ilhali upanga unataka ulionyooka. Bawaba ingeuwezesha mpini kubadilika, lakini ingekaa mahali panapopokea kishindo chote cha pigo, na bado sijapata umbo la kuihimili bila kuurudisha mbele ule uzito niliousogeza nyuma.