Eudaimonia: kwa nini "furaha" haitoshi

Neno la Kigiriki eudaimonia mara nyingi hutafsiriwa "furaha", na hapo ndipo msomaji anapoanza kupotea. Furaha huja asubuhi na jioni ikaondoka. Eudaimonia ni sifa ya maisha mazima. Neno limeundwa kwa eu, "vyema", na daimon, nguvu ya kiungu inayomwandama mtu. Asili yake iko karibu na kujaliwa. Kwa Kiswahili "heri" inafaa zaidi, na "saada" pia: al-Farabi na wanafalsafa wenzake walioandika kwa Kiarabu waliieleza dhana hii kwa neno ambalo ndilo asili ya saada yetu.

Aliyeichambua kwa kina ni Aristotle (384–322 KK), katika kitabu chake cha maadili chenye sehemu 10. Anauliza: ni jambo gani tunalolitaka kwa ajili yake lenyewe? Mali hapana, maana hutafutwa ili inunue kitu kingine. Heshima nayo hapana, kwa kuwa iko mikononi mwa wanaoitoa.

Kisha anatazama kazi ya mtu. Kazi ya mpiga kinubi ni kupiga kinubi, na aliye hodari hukipiga vizuri. Binadamu je? Kukua tunashirikiana na mimea, kuona na kusikia tunashirikiana na wanyama. Kilicho chetu peke yetu ni kutenda kwa akili. Basi eudaimonia ni utendaji wa nafsi kwa ubora, arete, katika maisha yaliyokamilika. Shika neno utendaji. Mwema anayelala maisha yake yote hana eudaimonia, kama vile taji la Olympia halikupewa mwenye misuli aliyekaa jukwaani, bali aliyeingia uwanjani.

Arete hatuzaliwi nayo. Mjenzi hujifunza kujenga kwa kujenga, na jasiri huwa jasiri kwa kufanya ya kijasiri mpaka yamkae. Ujasiri wenyewe uko kati ya woga na ujuba, na hapa wengi hukosea wakidhani "kati" ni hesabu ya kugawa kwa mbili. Aristotle anatoa mfano wa chakula. Ikiwa mina 10 ni nyingi na 2 ni chache (mina moja ni karibu nusu kilo), mwalimu wa mazoezi haagizi tu 6 kwa kila mtu. Kwa Milo, yule mwanamieleka, 6 ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni nyingi mno. Kipimo hutokana na mtu, wakati na jambo lenyewe, na kukipata kunahitaji busara ya vitendo, phronesis, ambayo haiji bila kuishi miaka.

Wema peke yake, hata hivyo, haumtoshi Aristotle. Marafiki, mali ya kiasi na bahati vinahitajika pia. Anayedai kwamba mtu anayeteswa kwenye gurudumu ana eudaimonia mradi tu ni mwema, kwake anasema upuuzi. Wastoa, wanafalsafa waliokuja baadaye, walishikilia dai hilohilo analolikataa.