Ngano ikipauka usikimbilie urea

Wiki hii nimeulizwa tena lile swali, ngano imekuwa njano niongeze mifuko mingapi ya urea, na mimi nishachoka kulijibu kwa mkato maana watu wanadhani mbolea ikizidi mavuno nayo yanazidi. Siyo hivyo jamani. Kabla hujagusa mfuko ng'oa mche mmoja na mizizi yake yote, kung'uta udongo, uangalie. Kama njano imeanzia kwenye ncha za majani ya chini na ya juu bado ni kijani, sawa, hiyo ni njaa ya naitrojeni, kile kirutubisho kilichomo kwenye urea, mmea unaitoa kwenye majani mazee unapeleka kwa machanga. Ila kama machanga ndo yamepauka, mara nyingi ni njaa ya salfa, na urea haina salfa kabisa. Na ukikuta mizizi mifupi, minene, imedumaa ncha, pima pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ikiwa chini ya 5.5 hapo kuna aluminiamu inaiua, unahitaji chokaa, tena urea yenyewe inaongeza tindikali kwa hiyo unazidi kuharibu.

Mbolea inafanya kazi, sibishi. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna shamba linaitwa Broadbalk, wamepanda ngano tangu 1843 na kipande kisichowekwa mbolea kinatoa karibu tani 1 kwa hekta mpaka leo. Lakini watu hawaisemi nusu ya pili ya habari hii: vipande vyenye mbolea navyo vilikaa kwenye tani 2 na 3 kwa zaidi ya miaka 100! Vilipanda sana zilipokuja mbegu za ngano yenye shina fupi miaka ya 1960 mwishoni, pamoja na dawa za magugu, dawa za ukungu na kubadilisha mazao. Kwenye kipande kisicho na mbolea mbegu hizohizo hazikubadilisha kitu. Yaani mbegu inaihitaji mbolea na mbolea inahitaji mbegu, palizi, na majani yasiyoliwa na kutu, ule ugonjwa wa ukungu.

Sasa muda, hapa ndo panaponiudhi. Mtu anamwaga yote siku ya kupanda, mche mdogo hauwezi kuitumia, mvua inaishusha chini, inayobaki inazaa machipukizi kibao ambayo nusu yanakufa bila suke, na yaliyobaki yanarefuka laini, upepo ukija shamba lote linalala. Mwingine anangoja masuke yatoke ndo anaweka, hapo utapandisha protini ya punje tu, idadi ya punje ilishaamuliwa zamani. Weka kidogo kupandia, kubwa iwe pale shina linapoanza kurefuka. Utajuaje? Chukua wembe, pasua shina kuu kwa urefu, utaona kisuke kidogo cheupe kimeacha usawa wa ardhi na pingili ya kwanza iko chini yake, basi usingoje tena. Na urea usiiache juu ya udongo wenye unyevu kwenye jua, inageuka amonia inapaa, isubirie mvua au ifukie.

Kiasi gani? Ngano yenye protini asilimia 12 inabeba kama kilo 21 za naitrojeni kwa kila tani ya punje, kwa hiyo tani 4 ni kilo 84 hivi bila kuhesabu mabua. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23, na katika hizo mmea mara nyingi unapata nusu tu. Majedwali ya viwango vya mbolea yanakupa namba moja safi kama vile udongo ni ghala, mimi siyaamini kihivyo, kwa sababu mboji inaachia naitrojeni kulingana na joto na unyevu wa msimu, namba iliyotosha mwaka jana mwaka huu inaweza kuwa nyingi mno au kidogo. Nimeshapendekeza kiasi nikakosea, na siyo mara moja. Ndiyo maana siku hizi kila shamba naacha ukanda mmoja bila mbolea ya kukuzia, na ukanda mwingine naupa zaidi. Kama ule uliopewa zaidi hauonekani kijani kuliko shamba lote, mfuko uliobaki unarudi stoo.