Data ya muda kati ya ombi moja na jingine

Seva ya wavuti haikumbuki mtu. Itifaki ya HTTP, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva, ndivyo ilivyoundwa: kivinjari kinatuma ombi, seva inajibu, shughuli imekwisha. Ombi linalofuata, hata likitoka kwa mtu yuleyule sekunde moja baadaye, hupokewa kama la mgeni.

Chukua fomu ya kusajili wanafunzi. Karani anajaza jina, anabonyeza "Hifadhi". Programu ikimjibu hapohapo kwa ukurasa, naye akaupakia upya, kivinjari kinaweza kuituma fomu mara ya pili na mwanafunzi mmoja akaandikishwa mara mbili. Kwa hiyo watengenezaji huhifadhi kwanza, kisha humwelekeza karani kwenye ukurasa mwingine kwa msimbo 302 au 303. Hilo limetatuliwa, ila limezaa jingine: ujumbe "Mwanafunzi amesajiliwa" umetungwa katika ombi la kwanza, na ukurasa wa kuuonyesha ni wa ombi la pili. Nani ataubeba?

Ataubeba data ya muda. Katika mifumo ya kutengenezea programu za wavuti, Rails, Laravel na Flask huiita flash, ASP.NET huiita TempData. Data ya kawaida ya ukurasa hufa na ombi lake. Sesheni, yaani kumbukumbu za mtumiaji mmoja zinazounganisha maombi yake, hudumu hadi muda wake uishe au mtumiaji atoke. Hii ya tatu huishi katikati: inavuka ombi moja, inafanya kazi yake, inafutika.

Inafutika lini hasa? Hapa ndipo wengi huumia. TempData hukaa mpaka isomwe. Ikishasomwa, huondolewa ombi hilo linapomalizika. Flask nayo husubiri msomaji. Laravel haisubiri: data hiyo ni ya ombi linalofuata tu, isomwe isisomwe. Sasa ikiwa ukurasa wako unaulizia arifa mpya kimyakimya kila baada ya sekunde chache, ombi hilo dogo linaweza kutangulia na kuumaliza ujumbe kabla karani hajauona. Mtu atakagua msimbo wake siku nzima asione kosa. Ukihitaji kuirefushia maisha, Laravel ina reflash na keep. TempData ina Keep pia, na ina Peek, inayosoma bila kufuta. Mimi naona utaratibu wa kusubiri kusomwa ni salama zaidi, maana ujumbe haupotei njiani.

Jambo jingine ni mahali inapohifadhiwa. Mara nyingi ni ndani ya sesheni. ASP.NET Core kwa chaguo-msingi huiweka kwenye kidakuzi (cookie), kijidata ambacho kivinjari hukitunza na kukirudisha kwa seva kwa kila ombi, ikiwa imefichwa kwa usimbaji. Flask huweka sesheni yake kwenye kidakuzi kilichotiwa sahihi ya kidijitali tu, bila kufichwa: mtumiaji hawezi kukibadilisha bila kugundulika, lakini anaweza kukisoma, basi usitie siri humo. Na kwa kuwa kidakuzi kimoja hubeba takriban baiti 4096, tuma ujumbe mfupi au namba ya kumbukumbu ya mwanafunzi, kisha ukurasa wa pili uchukue mengine kwenye hifadhidata.

Kumbuka pia kwamba vichupo vyote vya kivinjari kimoja hutumia sesheni ileile. Karani akisajili kwenye kichupo kimoja na kufungua orodha kwenye kingine wakati huohuo, "Mwanafunzi amesajiliwa" inaweza kujitokeza kule kwenye orodha.