Kukata si kazi, kazi ni kupandikiza: tiba ya jeni kwa selimundu

Tiba ya kwanza ya CRISPR, yaani mkasi wa kukata DNA, kwa selimundu ilipata kibali Uingereza mnamo Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata. Tangu hapo swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama mkasi huo unakata mahali penyewe. Ni swali la haki, lakini kukata ndiyo hatua tunayoimudu kuliko zote. Mgonjwa akikwama, hukwama kabla ya mkasi, pale seli shina (zinazozaa chembe zote za damu) zinapovunwa, au baada yake, uboho unapofutwa na kupandwa upya. Na ni huko kwenye uboho ambako ugonjwa wa damu wa kurithi hukutana na saratani ya damu.

Nianze na kinachokatwa, maana wengi hudhani tunasahihisha ile herufi ya DNA iliyokosewa. Hatuigusi. Kosa la selimundu liko kwenye jeni ya beta-globini: herufi moja, A, imekuwa T, na kwa sababu hiyo asidi ya amino ya sita, iliyopaswa kuwa glutamiki, inakuwa valini, kama Vernon Ingram alivyoonyesha mwaka 1957. Valini hukimbia maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujichomeka kwenye kishimo cha himoglobini jirani, nayo kwa nyingine, mpaka zinajipanga nyuzi ndefu ngumu zinazoipinda chembe nyekundu iwe kama mundu. Tiba inaliacha kosa hilo palepale na kwenda kwenye kromosomu nyingine kabisa.

Mtoto aliye tumboni hatumii beta-globini, anatumia gama-globini, inayounda himoglobini ya kijusi. Mwaka 1948 Janet Watson aliona kwamba watoto wachanga wana chembe chache mno zinazopinda, akahisi kuwa himoglobini hiyo ndiyo inayowakinga. Kinga hupungua kadiri mwili unavyohama kutoka gama kwenda beta katika miezi ya mwanzo ya maisha, ndiyo maana ugonjwa hauonekani siku ya kuzaliwa. Wapo pia watu waliorithi selimundu pamoja na badiliko jingine linalowafanya waendelee kutengeneza himoglobini ya kijusi kwa wingi hadi utu uzima, na hao ugonjwa huwapitia mbali au huwagusa kidogo. Maumbile yalikwisha tuonyesha jibu. Kilichobaki kilikuwa kumjua anayeizima gama.

Anayeizima ni protini iitwayo BCL11A. Mwaka 2008 maabara ya Stuart Orkin huko Boston ilionyesha kwamba ikipunguzwa, gama huamka. Tatizo ni kwamba huwezi kuiondoa mwilini kote, kwa kuwa seli shina zinaihitaji, limfosaiti B zinaihitaji, na ubongo unaokua unaihitaji. Kilichookoa jahazi ni kipande kidogo ndani ya jeni hiyo ambacho kazi yake ni kuiwasha kwenye ukoo wa chembe nyekundu tu. Ndani ya kipande hicho kuna mahali pa herufi chache ambapo protini GATA1 hushika. RNA elekezi yenye herufi 20 huipeleka Cas9, protini ambayo ndiyo mkasi wenyewe, hapo, Cas9 hukata, na seli hujishona harakaharaka, ikipoteza au kuongeza herufi kadhaa. Mshono huo mbaya ndio tunaoutaka, kwa kuwa GATA1 haipati tena pa kushika. Kusahihisha herufi yenyewe kungeitaka seli inakili kiolezo tulichoipa, jambo ambalo seli shina iliyotulia hulifanya kwa shida sana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Wachangiaji wa uboho kwa wagonjwa wa lukemia (saratani ya damu) huchomwa sindano ya G-CSF, ambayo husukuma seli shina zitoke kwenye uboho. Kwa mwenye selimundu dawa hiyo ni hatari. Hupandisha chembe nyeupe, chembe hizo hunata kwenye kuta za mishipa, na vifo vimeripotiwa. Badala yake hutumika pleriksafo peke yake, miligramu 0.24 kwa kilo chini ya ngozi, ambayo huziba kipokezi cha CXCR4 kinachozishikiza seli shina kwenye uboho. Seli huingia kwenye damu ndani ya saa chache, na dirisha la kuzivuna ni fupi.

Maandalizi huanza wiki nyingi kabla. Mgonjwa hubadilishiwa damu mara kwa mara mpaka himoglobini S, ile yenye kosa, ishuke chini ya asilimia 30, na hidroksiyurea husimamishwa kwa sababu hupunguza mavuno. (Hidroksiyurea yenyewe ilianza kama dawa ya saratani. Marekani iliiruhusu kwa selimundu mwaka 1998, na hadi leo ndiyo inayowafikia wagonjwa wengi kuliko tiba yoyote ninayoieleza hapa.)

Siku ya kuvuna, mashine huizungusha damu hadi ijitenge kwa matabaka: nyekundu upande mmoja, utegili (majimaji ya damu) upande wa pili, na katikati utando mwembamba uliopauka wenye chembe nyeupe na seli shina. Mpaka huo ndio mhudumu anaoufuata kwa jicho. Katika damu ya selimundu mpaka hautulii. Chembe nyekundu zina uzito tofautitofauti, utando unatawanyika, na seli shina huzama ndani ya tabaka jekundu. Mhudumu akiuweka mstari pale alipozoea, atapata mfuko wenye chembe sahani tele na seli shina, zinazotambuliwa kwa alama ya CD34, chache. Inabidi aushushe mstari ndani zaidi na akubali mfuko mwekundu kuliko alivyofundishwa. Hili sioni likielezwa vya kutosha, ilhali kosa dogo hapa humrudisha mgonjwa kwenye mzunguko mwingine mzima wa sindano na mashine.

Kiasi kinachotakiwa si kidogo. Dozi ya chini ni seli milioni 3 zilizohaririwa kwa kila kilo ya mwili, pamoja na akiba ya milioni 2 kwa kilo ambazo hazijaguswa, endapo upandikizaji utashindwa. Mtu wa kilo 60 anahitaji milioni 180 na akiba ya milioni 120, na maabara hupoteza nyingine njiani zinapochujwa kwa sumaku, zinapopigwa mshtuko wa umeme ili Cas9 ipenye, na zinapogandishwa. Katika majaribio yaliyoleta kibali, mgonjwa wa kawaida alihitaji mizunguko 2 ya kuvuna, wengine hadi 6.

Baada ya miezi ya kutengeneza na kupima, huja busulfani, dawa inayoufuta uboho, siku 4 mfululizo. Kipimo cha dawa kwenye damu hufuatiliwa kwa karibu. Ikipungua, seli za zamani hubaki na kuzinyima mpya nafasi. Ikizidi, mishipa midogo ya ini huziba. Uzazi unaweza kupotea, kwa hiyo mayai au mbegu huhifadhiwa mapema. Hapa ndipo penye machungu makubwa ya tiba hii, na mkasi haumo.

Kisha vichupa hutolewa kwenye mvuke wa nitrojeni na kuyeyushwa kwenye joto la nyuzi 37, mpaka barafu imalizike tu, bila kuongeza dakika. Seli huingia mwilini ndani ya dakika 20, kwa kuwa DMSO iliyozikinga kwenye baridi huzidhuru zikipata joto. Chumba hunuka kama kitunguu saumu, nayo ni DMSO ikitoka kwenye pumzi ya mgonjwa. Neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, huchukua karibu wiki 4 kurudi, na katika wiki hizo homa yoyote ni dharura.

Matokeo ni ya kutia moyo kweli: kati ya wagonjwa 31 waliokuwa wamefuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Na saratani? Katika majaribio ya tiba nyingine ya selimundu, inayoingiza jeni mpya kwa kirusi kilichopunguzwa makali, wagonjwa wawili walipata lukemia na kufariki. Uchunguzi haukuona kirusi kuwa chanzo, tofauti na baadhi ya watoto wa Paris waliotibiwa upungufu wa kinga ya mwili kuanzia mwaka 1999, ambao kirusi kiliwaamshia jeni ya LMO2 na kuwaletea lukemia. Maelezo ninayoyaona mazito ni haya: selimundu huulazimisha uboho kufanya kazi kupita kiasi kwa miaka mingi, na kila seli inapogawanyika hupata nafasi ya kukosea. Baadhi ya seli huenda tayari zina badiliko la hatari. Ukizivuna chache, ukaua nyingine zote kwa busulfani, kisha ukazitaka hizo chache zijaze uboho mzima, umeipa seli yenye kasoro shamba tupu. Kukata kwa Cas9 nako huamsha protini p53, mlinzi wa DNA, na seli ambayo p53 yake ni mbovu huvuka salama kuliko wenzake. Ndiyo sababu wagonjwa hufuatiliwa kwa miaka 15, na ndiyo sababu naona kupima mabadiliko ya lukemia kabla ya kuvuna kuwe sharti.

Maabara kadhaa sasa zinatafuta njia ya kuiacha busulfani. Moja ni kingamwili inayozilenga seli shina kupitia CD117, alama iliyo juu ya seli hizo. Nyingine ni kupeleka kihariri moja kwa moja mwilini ndani ya vitone vya mafuta. Hesabu inatupa ahueni: chembe mundu huishi siku 10 hadi 20 na chembe nzima takriban 120, hivyo seli shina zilizopona zikifika kama asilimia 20 tu, damu inayozunguka huwa karibu yote nzima. Tatizo la vitone hivyo ni kwamba vingi hunaswa na ini kabla ya kufika kwenye uboho.