Maikrowevu iliyochomolewa bado inaweza kuua

Hapa Mtwara, umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, maikrowevu huweza kugoma. Kuanzia Chikongola hadi Mikindani nasikia kauli ileile: "Chomoa plagi, fungua tu, haina umeme tena." Kwa pasi ni sawa. Kwa maikrowevu si kweli, na naomba sana tuiache kauli hiyo.

Ndani mna transfoma inayopandisha volti 230 za ukutani hadi 2,000 hivi, kisha kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) na dayodi (kinachopitisha umeme upande mmoja tu) huzifikisha karibu 4,000 ili magnetroni, sehemu inayotoa mawimbi ya kupasha chakula, ifanye kazi. Kapasita hiyo huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Nyingi zina kipingamizi kidogo cha kuimaliza polepole, lakini nacho huharibika, na kwa macho huwezi kujua. Mguso mmoja unaweza kuusimamisha moyo.

Bila kufungua bodi, badilisha fyuzi ya plagi, au futa mafuta kwenye kipande cha mika (kigamba chembamba cha madini) kilicho ukutani ndani ya sehemu ya kuwekea chakula. Kikichafuka hutoa cheche. Zaidi ya hapo, mpelekee fundi anayejua kuiondoa chaji kwanza. Mionzi, ambayo ndiyo wengi huiogopa, hukoma mara tu mashine inapozimwa.