Mtoto akiingia skauti keshaandikwa jeshini?

Huku Mwanza, Igoma mpaka Kirumba, wazazi wengi wanaamini mtoto akivaa skafu ya skauti na kupiga kwata basi keshaandikwa jeshini. Inaeleweka, gwaride linafanana kweli. Ila skauti ni malezi ya hiari, ilianza Uingereza 1907 kwa kambi ya vijana kisiwani, ni mafundo ya kamba, kupika nje, huduma ya kwanza, na haimfungi mtu kwenda jeshini wala haimpi nafasi huko. Mtu mzima naye anajitolea tu hata kama hajawahi kushika bunduki, mwalimu, fundi, mvuvi poa tu, mshahara lakini hamna. Unataka uhakika? Omba fomu ya kujiunga uisome mwenyewe, tafuta kama kuna mkataba wa ajira humo. Na mtu akikudai hela ya "nafasi jeshini" kupitia skauti, kaulize shuleni kwanza.