Neva si bomba

Juzi tena, hapa Mtwara: mama mbangua korosho kaletwa na binti yake, kiganja kimechuliwa kwa mafuta ya moto hadi ngozi imebabuka. "Daktari, mishipa imeziba, damu haifiki vidoleni." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Kwetu mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, hata ngiri tunaiita mshipa. Lakini mshipa wa fahamu, yaani neva, hauna tundu la kupitisha damu. Utazibaje?

Nilimbonyeza ukucha wa kidole cha kati, ukawa mweupe. Nilipouachia, wekundu ukarudi papo hapo. Damu ipo! Kisha nikachukua pamba, nikaipitisha kwenye kidole cha pete huku kafumba macho. Upande wa gumba, kimya. Upande wa kidole cha mwisho, "naam, hapo nasikia." Kidole kimoja, nusu kina ganzi, nusu kizima. Ukosefu wa damu haugawi kidole katikati namna hiyo. Ule ni mpaka wa neva mbili, ya mediani na ya alna, na ya mediani ndiyo inayobanwa kwenye kifundo cha mkono.

Neva ni shada la nyuzi, na kila uzi ni mkia mrefu wa seli moja, neuroni. Kiini cha seli hakiko mkononi: cha neuroni ya hisia kiko shingoni, kando ya uti wa mgongo, cha ile inayoamrisha misuli kiko ndani ya uti wenyewe. Seli za Schwann huzivika nyuzi nyingi ala ya mafuta.

Neva ikibanwa, ala huumia kwanza, nayo hupona. Uzi ukifa, huota upya kama milimita 1 kwa siku. Toka kifundoni hadi ncha ya kidole ni miezi. Siku ya kwanza, kwa pamba peke yake, siwezi kumwambia mgonjwa kilichoumia ni ala au uzi, na huwa namweleza hivyo.

Nimemfunga kibao kifundoni, alale mkono umenyooka. Mafuta ya moto nimemkataza kabisa. Ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua.